Maisha ya Katekista Gérard Lubunga, Aliyembatiza Kapita Sumaili

Ninyi mliotembea tangu jana kutoka Lusangi, na ninyi wa Kasongo mliofika na baiskeli zenu, pumzikeni kwanza, maana maneno haya si mafupi na mengine si mepesi. Leo Alhamisi, tarehe 11 Julai 1957, tunaagana na mzee wetu Gérard Lubunga, katekista wa Kabumbi. Anayewasomea ni Marcellin, mtoto wa dada yake, mwalimu wa darasa la pili. Marehemu mwenyewe alitaka maisha yake yasomwe yote, pamoja na pale alipoanguka. Familia ilikaa juu ya jambo hilo kutwa nzima bila kupatana. Wengine walisema mtu akiisha kufa husemwa mazuri tu. Wengine walisema mwenye maisha ndiye aliyeagiza. Mpaka tunasimama hapa hatuna hakika kama tunamheshimu au tunamwaibisha, lakini tumeogopa zaidi kulivunja agizo lake.

Gérard alizaliwa hapa hapa Kabumbi, upande wa Lusangi, katika Kabambare. Siku haikuandikwa. Padri alikadiria mwaka wa 1899, na mama yake alipoulizwa alisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kuvuna mpunga na kwamba mtoto alilia kupita kiasi. Baba yake, mzee Lubunga, alikufa Gérard akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama aliitwa Mwavita, kwa kuwa alizaliwa vitani, watu wakikimbilia porini, siku za wale waliokuwa wakikamata watumwa. Mwavita alimlea mtoto kwa jembe lake. Alikuwa mwanamke mwepesi wa kucheka na mzito wa kukariri, na hilo la pili litaonekana mbele.

Mwaka wa 1912 alipelekwa shule ya misioni, Kasongo. Alilala katika nyumba ya wageni ya mjomba wake aliyeishi huko, alisoma kwa kibao na chokaa, na akaanza kuhudhuria mafundisho ya dini. Vijana wa leo hamwezi kujua ubatizo ulivyokuwa wa kungojea. Ilikuwa miaka minne kamili. Kwanza unapewa medali ya shingoni, unakaa nayo muda mrefu, ndipo unaitwa mkatekumeni, unahojiwa, unahojiwa tena, na aliyekosa mafundisho anarudi nyuma na kuanza upya. Gérard alikuwa amebakiza miezi michache tu, mwaka wa 1916, vita vya Wazungu vilipomkuta. Walimchukua kubeba mizigo ya jeshi mpaka ziwani Tanganyika. Aliporudi amekonda, vidonda mabegani, padri alimkumbatia, akalia naye, kisha akamwambia kanuni ni kanuni. Gérard akaanza upya.

Alibatizwa Jumamosi Kuu, tarehe 26 Machi 1921. Siku hiyo aliogopa kufika mbele ya altare na uchafu wowote, akaingia mtoni kabla ya jua na kujisugua mpaka akatetemeka kanisani, padri akadhani ni homa na kutaka kumpeleka kwa muuguzi. Gérard alisema kwa meno yanayogongana, "Hapana, padri, mimi iko muzima. Nibatize kwanza." Tunalitaja hili ili mfahamu kwamba ubatizo kwake ulikuwa kama shamba ambalo mtu ameng'oa visiki vyake mwenyewe. Aliupenda kweli, na kwa siri aliuhesabu kuwa jasho lake.

Tarehe 9 Juni 1923 alifunga ndoa na Victorine, binti wa familia ya wakulima wa Kasongo. Wakati wa uchumba alikwenda kuwasalimu wakwe na viatu vyake, viatu pekee alivyokuwa navyo, akavivua kuvuka mto uliofurika, akavibeba kichwani. Maji yakachukua kimoja. Mwingine angefika miguu mitupu na kunyamaza. Gérard alifika amevaa kile kimoja, akawaeleza wakwe yaliyotokea, kwa sababu alikuwa ameahidi kuja na viatu. Baba mkwe alicheka mpaka akasahau maneno mengine aliyokuwa ameyaandaa. Mungu aliwajalia watoto watatu, André, Ernestine na Cécilia, na katika miaka yote hiyo hakuna jirani aliyesikia sauti ya ugomvi ikivuka ua wao, isipokuwa juu ya kuku.

Kazi yake ilikuwa ukatekista. Alirudishwa Kabumbi mwaka wa 1924, akajenga kanisa la nyasi na miti, na kila Jumatano alipiga ngoma ya mafundisho. Alikuwa mwalimu mzuri, na mkali pia. Mnaokumbuka somo la maji mtacheka. Alileta vyombo, akavipanga mbele ya watu, akauliza: mtu akiwa anakufa na padri yuko mbali, mkristo yeyote aweza kumbatiza, lakini kwa maji gani? Watu waliitikia kwa pamoja: ya mto, ndiyo, ya mvua, ndiyo, ya kisima, ndiyo, pombe, hapana, mchuzi, hapana, maji yaliyolowekewa muhogo, hapana! Hapo aliinamisha chungu chenyewe, watu wakasikia harufu, na akasema hayo si maji tena, ni uchachu, na anayebatizwa kwayo anabaki mpagani aliyelowa.

Kati ya waliokuwa wakiitikia alikuwemo mama yake, Mwavita. Alianza mafundisho mwaka wa 1928, na mwaka wa 1934 alikuwa bado mkatekumeni. Sehemu ya kosa ilikuwa kichwa chake kisichoshika majibu. Sehemu kubwa ilikuwa pamba. Kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha shamba la serikali, na kapita, yaani msimamizi wa pamba, wa upande wetu alikuwa Sumaili. Mzee Sumaili, tunakuona umeketi pale mbele. Ulituruhusu wewe mwenyewe kusema, nasi tunasema. Alikuwa mkali. Hakuwa wa msikiti wala wa kanisa, alikuwa wa fimbo yake. Jumatano ngoma ya mafundisho ikilia, ndipo alipoita wanawake kwenda kupalilia, na Mwavita alikwenda, na somo alilokosa likamrudisha nyuma, mwaka baada ya mwaka. Gérard alimwendea mara nyingi kumsihi. Sumaili alimjibu, "Mungu yako iko na Jumapili. Jumatano ni ya pamba."

Basi, Ijumaa tarehe 19 Oktoba 1934, mvua ikiwa imenyesha tangu asubuhi, Nuru mke wa Sumaili alikuja mbio mpaka mlangoni kwa Gérard, nguo zimemganda mwilini.

"Mwalimu, kuja mbio! Sumaili iko nakufa. Kichomi imemukamata, hawezi kupumua. Anasema umubatize."

"Nani anasema?"

"Yeye mwenyewe. Anasema anaogopa."

Padri alikuwa safarini. Gérard alichukua rozari yake akaenda. Alitusimulia baadaye kwamba njia nzima alikuwa akimngojea Mungu amwambie kwamba haiwezekani. Alimkuta Sumaili amelala juu ya mkeka, midomo ya buluu, akivuta pumzi kama mtu anayevuta mzigo kupanda mlima. Alimuuliza maswali machache ambayo Kanisa linataka: unaamini Mungu mmoja, unaamini Mwana aliyekufa kwa ajili yetu, unatubu? Sumaili aliitikia yote kwa macho, machozi yakimtoka. Kwa mchana mmoja! Gérard aliwaza miaka yake mwenyewe, vidonda vya mabega, kuanza upya. Aliwaza mama yake aliyekuwa wakati ule ule ameinama katika shamba la huyu huyu, chini ya mvua. Moyo wake ukachemka.

Nuru aliuliza, "Nilete maji? Mutungi iko kule jikoni, nilichota asubuhi."

Kando ya mlango, karibu na mguu wa Gérard, kulikuwa na chungu cha muhogo uliolowekwa. Harufu yake ilimfikia. Alisema, "Hapana haja. Haya yanatosha." Akachota kwa kikombe, akammiminia kichwani, akasema maneno yote kama yanavyotakiwa. Nuru hakuwa amefika hata siku moja kwenye somo la maji, kwa hiyo hakuona kitu. Alipouliza jina, Gérard alimpa la Dismas, jina la yule mnyang'anyi aliyesulubiwa kando ya Bwana. Kisha akarudi nyumbani, akala chakula chake, akangoja kusikia vilio.

Vilio havikusikika. Siku ya nne Sumaili alikunywa uji, wiki iliyofuata akaketi uani juani, na kabla ya mwezi kwisha alikuja kanisani kwa miguu yake, akijikokota na fimbo ile ile, sasa ikiwa ya kumshikilia. Padri aliporudi, Gérard alimwambia tu kwamba alimbatiza katika hatari ya kufa, na padri, kwa kumwamini, hakuuliza zaidi. Noeli ile Sumaili alikamilishiwa ibada ya ubatizo bila maji mengine: alitiwa mafuta, akapewa chumvi na nguo nyeupe, akapokea Komunyo ya kwanza. Akawa anaketi mbele pamoja na wabatizwa. Mwavita alikuwa nyuma karibu na mlango, pamoja na wakatekumeni na kuku waliopotea njia.

Na kilichomuumiza Gérard zaidi ni kwamba Sumaili alibadilika kweli. Jumatano aliwaachia wanawake. Aliomba radhi nyumba kwa nyumba, akijikwaa maneno, kapita mzima. Watu wakaanza kumpenda. Jina lake alilitamka kwa fahari, na siku alipoelezwa Dismas alikuwa nani hakukasirika hata kidogo, alipiga makofi: "Basi ni ule mutu wa kwanza kuingia mbinguni! Mwalimu alinichagulia muzuri." Gérard alisikia, akainama chini. Kulikuwa bado na kitu kimoja cha kumpoza moyo, nacho ni kujua kwamba mtu yule hajabatizwa. Alimwangalia akienda altareni, akasema moyoni, wewe unajidhani mkristo. Jambo hili ni la kutisha kulisoma mbele ya mwili wake, lakini ndivyo alivyotaka lisemwe.

Mama yake aliona uso wake umeharibika. Alimuuliza kwa Kibangubangu, lugha yetu ya nyumbani, naye akamjibu kwa sehemu tu, kwamba hawezi kuvumilia huyu aliyepewa yote bure wakati yeye, mama, angali mlangoni. Mwavita alimshangaa. "Mutoto wangu, chakula ya Mungu inaisha? Wacha akule. Mimi nitakula pia." Akarudi kwenye majibu yake ya katekisimu, ambayo hayakuingia.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 17 Februari 1935, padri akiwa nasi Kabumbi. Injili ya siku hiyo, wakristo wa kale mnaijua, ni ile ya mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa wa jioni sawa na wa alfajiri, na wa alfajiri wakamnung'unikia. Padri alihubiri kwa Kiswahili, na Gérard, kama kawaida, alirudia kila sentensi kwa Kibangubangu ili wazee wasikie. Alikwenda vizuri mpaka pale mwenye shamba anapomuuliza mfanyakazi kama anaona vibaya kwa sababu yeye ni mwema. Sentensi ile padri aliisema, akangoja. Gérard alifungua mdomo, sauti haikutoka. Padri akairudia, akidhani hakusikia. Watu wakamtazama. Sumaili kutoka benchi la mbele alimnong'oneza, "Mwalimu, unaumwa?" Ni Mwavita aliyeokoa siku, maana alisimama kule mlangoni akaitafsiri mwenyewe, kwa sauti, na bila kukosea neno.

Tangu siku hiyo Gérard hakulala vizuri. Kile kilichokuwa kikimpoza ndicho kilichoanza kumchoma. Mtu yule akifa kesho, atakufa bila ubatizo, na aliyemnyima atakuwa katekista. Na zile Komunyo zote? Alijiuliza kama kweli alikichagua kile chungu au alikuwa tu karibu nacho, na kila alipojiuliza alisikia tena sauti ya Nuru ikisema mtungi uko jikoni. Alitaka kuungama, lakini padri alikuwa ameondoka kwenda vijiji vingine. Alitaka kumwambia Sumaili, akafika mpaka uani kwake, akaulizia mbegu za karanga akarudi. Victorine alimwona akikonda, akaogopa ni kifua.

Mwanzoni mwa Machi Sumaili alitumwa Nyangwe kusimamia mitumbwi ya pamba mtoni. Haukupita muda, mchuuzi wa samaki alipita Kabumbi na habari kwamba Nyangwe kuna kuhara damu na watu wanazikwa. Gérard alikuwa uani akisuka kamba. Aliangusha kamba, akaingia ndani, akajaza kibuyu kwa maji ya kijito, akakifunga kwa jani la mgomba. Victorine alisimama mlangoni.

"Baba André, unaenda wapi kwenye ugonjwa?"

"Kwa Sumaili."

"Sumaili? Sumaili ni nani kwako?"

"Nitakuambia nikirudi. Kama sikurudi, umwambie padri kwamba ilikuwa maji ya muhogo."

Victorine hakuelewa, akaanza kulia. Aliondoka hivyo hivyo. Alipita Kasongo bila kusimama kwa wakwe, na kule misioni aliambiwa padri bado hajarudi, atafika mwisho wa juma. Njiani miguu ilivimba, mvua ikampiga, akawa akikumbatia kibuyu kuliko alivyojikinga mwenyewe. Kila aliyekutana naye akitoka Nyangwe alimuuliza habari za kapita wa Kabambare, na kila mmoja alijibu vingine: hayuko, yuko, amehamishwa, anaumwa. Alisali kitu kimoja tu, na alituambia hakuwahi kusali hivyo tena: "Bwana, usimuchukue kwa sababu yangu."

Nyangwe alimkuta mzee Moustapha, mwenye mitumbwi, akipiga nyundo ubavuni mwa mtumbwi. Akamuuliza.

"Mutu wa Kabambare?" alisema Moustapha. "Pole, ndugu. Tulimuzika jana. Kaburi iko kule nyuma ya minazi."

Gérard alikwenda. Udongo ulikuwa bado mbichi. Alipiga magoti na kibuyu mkononi, hakujua afanye nini nacho, maana maji hayamfai mtu aliyekwisha kuzikwa. Hakulia. Alisema alijiona yeye ndiye aliyefukiwa. Tunawaomba mmwone pale kwa muda, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa wengi wenu, akiamini kwamba amemfungia mtu mlango wa mbinguni kwa wivu.

Baadaye alinyanyuka, akaenda ufukweni, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Na pale, juu ya gunia la pamba, alikuwa ameketi Sumaili, amekonda, anakula samaki.

"Mwalimu! Unatafuta nini huku? Kuja ukule."

Aliyezikwa alikuwa mpiga kasia, mtu mwingine wa Kabambare. Gérard alianguka kwenye mchanga mbele ya Sumaili, akalia hata wavuvi wakasogea kutazama. Kisha akamwambia yote: mtungi, chungu, jina, miezi aliyomwangalia akienda altareni, na maji aliyomletea katika kibuyu.

Sumaili aliacha kula. Gérard alitamani apigwe.

"Kwa hiyo wakati wote ule mimi nilikuwa bado mupagani."

"Ndiyo."

"Na weye ulijua."

"Nilijua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulipewa kwa siku moja. Mimi walinifanyisha miaka."

Sumaili alitazama mto, akanawa mikono ya samaki. "Mimi nilikuwa naogopa kufa," alisema. "Nilikuita weye kwa sababu nilijua weye ni mutu wa Mungu. Hapakuwa mwingine." Maneno hayo yalimuumiza Gérard kuliko fimbo yoyote. Kisha Sumaili alisimama. "Twende Kasongo kwa padri. Lakini utembee mbele yangu, nikuone."

Walitembea hivyo, mmoja mbele na mwingine nyuma, wote wawili wagonjwa. Siku ya kwanza kila mmoja alibeba mzigo wake. Siku ya pili Sumaili alichoka kubeba mfuko wake, Gérard akauchukua, na Sumaili akamwachia. Walimkuta padri amefika. Gérard aliungama kwanza kwa siri, kisha kwa ruhusa yake mwenyewe akarudia mbele ya Sumaili. Padri, kama Kanisa linavyoagiza palipo na shaka, alimbatiza Sumaili upya kwa sharti, yaani "kama hujabatizwa", siku ile ile, bila kumngojesha. Alipouliza nani atakuwa baba wa ubatizo, Sumaili alimwonyesha Gérard kwa kidole.

"Huyu?" alisema padri.

"Huyu. Ametembea mbali kuniletea maji."

Gérard alishika mshumaa.

Padri alimwondoa ukatekista kwa mwaka ule. Alimwamuru akae nyuma ya kanisa pamoja na wakatekumeni na kujifunza upya kama mtu mgeni. Kabumbi walishangaa, wengine walimcheka, na Gérard hakujitetea. Aliketi kando ya mama yake karibu na mlango, wakakariri pamoja, mwana akimnong'oneza na mama akirudia, na yale yaliyokuwa hayaingii yakaingia. Noeli ya 1935 Mwavita alibatizwa Régina. Alikufa mwaka wa 1938, akiwa amepokea kila kitu, na akicheka.

Mwaka wa 1936 Gérard alirudishiwa kazi yake na aliifanya miaka mingine ishirini. Alifundisha wakati wa vita vya pili watu wakiwa msituni kutafuta utomvu wa mpira kwa amri ya serikali, akiwafuata huko huko kwa miguu. Katika somo la maji hakuacha kusimulia kisa chake mwenyewe, bila kujificha, Sumaili akiwa mara nyingi ameketi akisikiliza. Haikuwa kwamba wivu ulimtoka mara moja ukaisha. Alisema ulikuwa unarudi, hasa Sumaili alipopewa kitu, na kila uliporudi alikwenda kumsalimu kabla haujakaa. Kuna majuma alikwenda kila siku.

Ugonjwa ulianza Novemba mwaka jana, miguu kuvimba na pumzi kukatika. Alilazwa hospitali Kasongo mwezi wa Machi, akarudishwa nyumbani kwa Pasaka, kwa ombi lake. Na tuseme ukweli, aliogopa kufa. Mliotarajia katekista afe akiimba mtasikitika. Alishika mkono wa Victorine na kuuliza kama Mungu anaweza kumsahau mtu aliyetaka mwenzake asahauliwe. Padri alimpa mafuta na kumwondolea dhambi, naye akatulia kidogo, kisha hofu ikarudi. Sumaili alihamia nyumbani kwake, akalala sakafuni kando ya kitanda, ingawa yeye naye ni mzee na mgongo unamsumbua.

Jumatatu ya wiki hii, jioni, Gérard alimuuliza, "Sumaili, mimi nitapewa nini? Nilifanya kazi, halafu niliiharibu."

"Utapewa kama mimi."

"Una hakika?"

"Hakuna ingine ya kupewa, Mwalimu. Ni ile moja tu."

Gérard aliomba maji ya kunywa, akanywa. Hofu haikuondoka yote, alikuwa bado amemshika Sumaili mkono. Alifariki Jumanne tarehe 9 Julai 1957, asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane hivi.

Sasa majina ya anaowaacha. Hapa pia aliagiza, na hapa ndipo familia ilipochukia kabisa. Katika desturi yetu mke na watoto husomwa kwanza, kisha ndugu wa damu kwa umri wao. Marehemu alitaka mtu mwingine atangulie. Kaka zake wa baba mmoja walinung'unika, na watoto wake walinung'unika, na anayesoma alinung'unika pamoja nao, maana tulikuwa tumemuuguza miezi yote na huyu alikuja Pasaka. Tulibishana mpaka Mama Victorine akatuuliza kama tumesikia tunavyosema. Tukaandika kama alivyoagiza.

Gérard Lubunga amemwacha Dismas Sumaili, mwanawe wa ubatizo. Amemwacha mjane wake Victorine, watoto wake André, Ernestine na Cécilia, wajukuu saba, kaka zake wawili na dada yake mmoja, na Kabumbi nzima aliyoifundisha. Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, umpe sawa na wengine, na umpumzishe.